Siku mbili Mombasa na mama mkwe asiyeweza ngazi

SWALI

Mshauri wa safari, salaam.

Tunakuja Mombasa likizo hii ya Agosti tukitokea Nakuru. Tuko watano: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 5 na 9, na mama mkwe wangu wa miaka 68 ambaye hajawahi kuiona bahari. Magoti yanamsumbua. Kwenye tambarare anatembea polepole na mkongojo wake, lakini ngazi zikizidi kumi zinamshinda.

Tutapanda treni ya Ijumaa saa tisa alasiri kutoka Syokimau, na kurudi Jumatatu kwa ile ya saa mbili asubuhi. Katikati tuna Jumamosi na Jumapili tu. Mume wangu ameandika ratiba hii: Jumamosi asubuhi Fort Jesus, mchana Haller Park, jioni tuvuke feri tukaogelee Diani. Jumapili Mji wa Kale, Marikiti, leso za Biashara Street, Pembe za Ndovu, kisha ufuo wa Pirates huko Bamburi, na usiku bustani ya Mama Ngina. Amependekeza tulale mjini ili tuwe katikati ya kila kitu.

Naiona ratiba hii nikichoka kabla sijasafiri. Tukitoa nauli ya treni tutabaki na shilingi 60,000 za malazi, chakula na kuzunguka. Tupunguze nini, na tuanzie wapi? Jirani yangu mmoja wa Pwani amenisisitiza nikutajie kwamba Jumamosi hiyo ni mwezi 15 kwa kalenda ya Kiislamu, ila hakunieleza kwa nini.

Mama Wawili, Nakuru

JIBU

Mama Wawili, mpe jirani yako ahsante zangu. Hilo la mwezi 15 ndilo lililonirahisishia kazi kuliko mengine yote uliyoandika.

Bahari ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na mwezi 1 na mwezi 15, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Karibu na mwezi 7 na mwezi 22 huwa ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Sasa linalowafaa wageni ni hili: siku za bamvua, Mombasa hupwa kabisa kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu asubuhi, na hujaa kabisa kwenye saa kumi na moja jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50, ingawa siku za bamvua huwa chini ya hapo. Ndiyo maana anayekuja mwezi 7 au 8 hukuta mambo yamegeuka, maji yamejaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni.

Kwenu Jumamosi, basi, maji yatakupwa karibu saa tano kasoro robo asubuhi na kujaa karibu saa kumi na moja kasoro. Jumapili ongeza kama nusu saa na kitu. Hiyo ni hesabu ya wavuvi. Ukitaka dakika zenyewe, tafuta jedwali la maji la bandari ya Kilindini la tarehe zako, lipo mtandaoni bila malipo. Ukilifungua angalia kama saa zimeandikwa za Afrika Mashariki, kwani baadhi ya majedwali huandika saa za Greenwich na kukurudisha nyuma saa 3.

Ratiba ya bwana imepangwa kama vile bahari iko pale pale siku nzima. Lakini mama mkwe akifika Pirates Jumapili jioni atakuta maji yako ukutani na mchanga uliobaki ni ule wa juu, mlaini, unaomeza mguu hadi kifundo. Kwa mtu mwenye magoti mabovu huo ni mchanga mbaya kuliko ngazi. Asubuhi maji yakiwa yamekupwa, ufuo ule ule unakuwa uwanja mpana wa mchanga mgumu wenye unyevu, mkongojo hauzami, anatembea kama yuko barazani kwake. Kwa hiyo asubuhi ni ya bahari kwa bibi, alasiri ni ya bahari kwa watoto. Mengine yote yapangwe kuizunguka hiyo.

Jambo la pili ni kwamba mji ni kisiwa. Kaskazini unaingia kwa Daraja la Nyali, magharibi kwa Makupa, kusini kwa feri ya Likoni. Kila unapovuka unalipa kwa muda. Ratiba yenu ya Jumamosi inatoka kisiwani kwenda Bamburi iliko Haller Park, inarudi kisiwani, inavuka Likoni, inakwenda kilomita 30 hivi hadi Diani, kisha inarudi njia ile ile gizani. Watoto watalala garini na mama mkwe atashuka magoti yamekufa ganzi. Kwa siku mbili, kanuni yangu ni kuvuka daraja mara moja kwenda na mara moja kurudi kwa siku, basi.

Diani ifuteni. Ni nzuri, sibishi, na siku hizi barabara ya Dongo Kundu inakutoa upande wa Miritini, kilipo kituo cha treni cha Mombasa, hadi kusini bila kugusa feri. Lakini Diani ni pa kulala. Anayetaka Diani ashuke treni aelekee huko moja kwa moja, na mji auone siku nyingine. Kuikimbilia jioni moja ni kununua picha ya mchanga kwa nusu siku.

Mlale Bamburi au Nyali, ng'ambo ya Daraja la Nyali, msilale mjini. Mjini usiku ni joto na honi, na hakuna ufuo wa kushuka na mtoto wa miaka 5. Kwa watu watano, nyumba ya vyumba viwili ya kupanga kwa siku itawafaa kuliko vyumba viwili vya hoteli, kwa sababu mtapika chai na uji wa watoto. Wekeni kikomo cha 8,000 kwa usiku. Siku tatu ni 24,000, na zinabaki 36,000: chakula 18,000, magari na tuktuk 10,000, viingilio na boti 8,000. Inatosha bila kujinyima, mradi msile kila mlo kwenye hoteli za ufuoni.

Kabla hujalipa malazi, uliza maswali haya kwa simu, si kwa kuangalia picha. Nyumba iko ghorofa ya ngapi, na lifti inafanya kazi umeme ukipotea? Usikubali jibu la "ni ya kwanza tu", kwa sababu ghorofa ya kwanza ni ngazi 16 au zaidi. Mnataka ya chini kabisa. Tokeni za umeme ni za nani? Nyumba nyingi huweka bei ya chini kisha kiyoyozi kikawa juu yako. Agosti hamkihitaji sana, upepo wa kusi unatosha, feni na dirisha lenye wavu basi. Ufuo uko mbali kiasi gani kwa miguu, na njia ya kufika ni ya umma au ni ya kupitia hoteli ya mtu? Tangazo likisema "dakika mbili kutoka baharini" mara nyingi ni dakika mbili za ndege. Na maji ya bomba: mitaa mingi ya huku hutumia visima na maji yana chumvi, yanafaa kuogea, hayafai chai. Nunueni mtungi wa lita 20 wa maji ya kunywa siku ya kwanza. Ni nafuu mno kuliko vichupa.

Sasa Ijumaa. Treni ya saa tisa haimsubiri mtu, na kituo kiko upande wa pili wa Nairobi. Tokeni Nakuru saa moja na nusu asubuhi, msizidi saa mbili. Kilomita 160 hadi Nairobi ni saa 3 mambo yakienda vizuri, na kati ya Naivasha na Limuru lori moja likiharibika hayaendi vizuri. Mkija kwa matatu mtaishia katikati ya jiji. Kutoka stesheni kuu ya Nairobi kuna treni ndogo inayopelekwa Syokimau kuunganisha na ile kubwa. Mkija na gari la kukodi, mwambieni dereva apande barabara ya juu ya kulipia kuanzia Westlands. Lengo ni kuwa kituoni saa saba na nusu. Pale mizigo huwekwa chini kwenye mistari, watu wanasogea kando, mbwa ananusa, kisha ndipo unaingia kwenye mashine. Foleni hiyo ndiyo inayowaachisha watu treni, si tiketi. Kisu cha kukatia matunda na pombe ya aina yoyote vitabaki getini. Kila mtu mzima awe na kitambulisho kile kile alichokatia tiketi.

Tiketi kateni kwa *639# au kwenye mtandao wa reli, na msingoje, kwani likizo ya Agosti daraja la kawaida huisha mapema. Nauli ni 1,500 kwa mtu mzima, na watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwenu ni 6,000 kwenda na 6,000 kurudi. Daraja la kwanza ni 4,500. Hapa nina ushauri ambao huenda mume wako akaupinga: viti vya daraja la kawaida vimesimama wima, vinatazamana, na magoti ya abiria yanakutana katikati kwa saa 5. Mama mkwe mkatie daraja la kwanza pamoja na mtu mzima mmoja, walau wakati wa kwenda. Ni nyongeza ya 6,000, na fedha hiyo iondoeni kwenye boti na chakula cha nje. Mkiona haiwezekani, basi apate kiti cha kando ya ujia ili aweze kunyoosha mguu na kusimama kila baada ya muda. Watoto waambieni wakae macho mkipita Tsavo, maana saa kumi na moja na kitu bado kuna mwanga na tembo wa pale ni wekundu kwa vumbi la udongo wao.

Mtafika Miritini karibu saa mbili usiku. Nje kuna vurugu ya madereva. Msikubali anayewashika begi. Ikiwa mnaita gari kwa programu ya simu, tembeeni hadi eneo la maegesho kwanza ndipo mwite, la sivyo dereva atawapigia simu tano akiwatafuta. Gari dogo linabeba wanne kisheria, ninyi mko watano na mizigo, kwa hiyo agizeni kubwa au mzungumze na mwenye nyumba awatumie mtu wake kwa bei mliyokubaliana kabla ya safari.

Jumamosi ni ya bahari. Saa tatu asubuhi, chai ya mahamri na mbaazi za nazi ikishashuka, nendeni ufuoni. Maji yatakuwa yanashuka. Mama mkwe atembee akitaka, mchanga mgumu uko tayari. Mtafutieni kiti cha plastiki, vya kukodi vipo, akiweke pale maji yanapomfika kwenye vifundo. Watoto wapeleke kwenye vidimbwi vinavyobaki kati ya mawe na majani ya bahari. Humo wataona kiti cha pweza, jongoo bahari, kaa wadogo na samaki wa rangi wanaozuiwa humo hadi maji yarudi. Viatu ni lazima. Ndara hazifai, hutoka mguuni, na kuna wale wadudu weusi wa miiba mirefu ambao mwiba wao huvunjika ndani ya nyama. Viatu vya raba vilivyochakaa ndivyo vizuri. Ganda wala jiwe la matumbawe lisichukuliwe, kwani sehemu kubwa ya maji ya mbele yenu ni hifadhi ya bahari.

Boti ya kioo, yenye kioo chini cha kuonea baharini, ndiyo itakayowaletea maneno na vijana wa ufuoni. Boti hizi hutoka maji yakiwa yanakupwa kwa sababu ndipo mwamba wa matumbawe unaposogea karibu na kioo. Bei iulizeni hivi: ni ya watu wote wanne au watano kwa pamoja, si ya kila mtu, kwenda na kurudi, pamoja na kiingilio cha hifadhi au bila, na majaketi ya kuokolea yapo ya mtoto wa miaka 5? Yaangalieni kwa macho kabla ya kukubali. Jaketi la mtu mzima likivalishwa mtoto, anatoka chini yake akianguka majini. Lipeni nusu kabla, nusu mkirudi.

Kwa mama mkwe, tatizo la boti ni kushuka. Saa tatu na robo boti iko karibu, maji ya magotini, anapanda kwa kusaidiwa. Lakini mkirudi saa tano na nusu, bamvua imeyatoa maji, boti itatia nanga mbali, na yeye atalazimika kutembea juu ya mawe na majani yanayoteleza. Ama mkubaliane na nahodha kwamba mnarudi saa sita na nusu maji yakiwa yameanza kupanda, ama abaki ufuoni na mmoja wenu. Mimi ningemwacha ufuoni. Ameisubiri bahari miaka 68. Haihitaji kupitia kioo.

Kuna kosa ambalo wageni wa bara hulifanya kila bamvua. Wanatembea kwa miguu hadi fungu la mchanga lililo mbali, wanapiga picha, wanaona maji yametulia. Saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda taratibu, hayatishi. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia, na kwa muda wa saa hizo 2 tu yanaweza kupanda zaidi ya mita moja na nusu. Yanajaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu, upande wa nchi kavu. Kwa Jumamosi yenu, saa sita kamili kila mtu awe amegeuka kurudi. Saa nane palepale mlipopita pakavu ni maji ya kumfunika mtoto wa miaka 9.

Saa sita hadi saa tisa kuleni, laleni. Upepo wa kusi ni baridi kidogo na unadanganya, hamtahisi jua likiwachoma mabegani. Watoto wavae fulana hata majini. Saa tisa rudini kuogelea. Maji yanajaa, yanasukuma kuelekea nchi kavu, na huo ndio wakati salama kwa wasiojua kuogelea. Pirates ina waokoaji na ina maboya ya tairi ya kukodisha. Boya tumieni maji yakijaa tu. Yakianza kupwa, kwenye saa kumi na moja na nusu, yote yanayotoka ufuoni huelekea kwenye mlango wa mwamba, yaani pengo la kutokea bahari kuu, na mtoto aliyelala juu ya boya huenda nayo akicheka. Saa hiyo muwe mmeshatoka, mnakula viazi karai.

Haller Park sijaiweka. Ni kazi ya kusifiwa, machimbo ya mawe ya saruji yaliyogeuzwa msitu tangu 1971 na René Haller, na twiga hulishwa kwa mkono. Lakini watoto wa Nakuru twiga wanao mlangoni, kwenye hifadhi ya ziwa. Wakililia sana, iko hapo hapo Bamburi: nendeni Jumamosi saa tisa wakati wa kulisha twiga, na kuogelea mkuache. Uamuzi ni wao, ila wajue ni kimoja.

Jumapili vukeni daraja. Saa moja na nusu asubuhi barabara ni nyeupe, na saa mbili Fort Jesus inafunguliwa. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, si kwa noti. Ingieni kwenye akaunti ile jioni ya Jumamosi mhakikishe nywila mnaikumbuka, kwa sababu getini ndipo watu huanza kubadilisha nywila huku mtandao ukisuasua na foleni ikiwatazama. Vitambulisho viwe mkononi, bei ya Mkenya hutolewa kwa kuviona.

Ngome hii ilijengwa na Wareno kuanzia 1593 hadi 1596, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu umbo lake ni la mtu aliyelala chali: kichwa, mikono na miguu. Mama mkwe ataingia vizuri. Lango lina mpando, halina ngazi nyingi, na ua wa ndani kwa sehemu kubwa ni tambarare. Mwekeni kivulini karibu na jumba la makumbusho, ambamo mna vyombo vilivyopatikana kwenye Santo António de Tanna, jahazi la Wareno lililozama mbele ya ngome 1697, walipokuwa wamezingirwa na Waomani. Mzingiro ule ulidumu miezi 33, hadi Desemba 1698, na waliomo ndani waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Watoto wapelekeni kwenye michoro ya mabaharia wa Kireno, meli na watu waliochorwa ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Mchoro mmoja mmoja una ukubwa wa kazi ya mtoto wa darasa la nne, na ndiyo maana wanaupenda. Kuta za juu zina ngazi na hazina vizuizi kila mahali. Mtoto wa miaka 5 apande akiwa ameshikwa mkono.

Waongozaji watawasogelea nje. Wa ndani wenye vitambulisho wanatosha, na bei ikubaliwe kwa kundi, si kwa kichwa.

Mkitoka saa nne, Mji wa Kale uko mlangoni. Ingieni kwa Ndia Kuu, mtaa unaoanzia ngomeni. Bibi akichoka, tuktuk inapita humo. Inabeba watatu, kwa hiyo yeye na watoto wapande, ninyi wawili mfuate kwa miguu. Tazameni milango ya nakshi na roshani za mbao, kisha msikiti wa Mandhry, uliojengwa 1570, wenye mnara mweupe mnene chini na mwembamba juu. Hapa watu wanaishi, si maonyesho. Kaptura ifunikwe kwa leso, na kabla ya kupiga picha ya mtu au mlango uliofunguka uliza kwanza.

Leso za Biashara Street zitawaponyoka, kwa sababu Jumapili maduka mengi ya mtaa ule hufungwa. Kama ndiyo hamu kubwa ya mama mkwe, geuzeni siku, mji uwe Jumamosi na bahari Jumapili. Hesabu ya maji inabaki karibu ile ile. Mtakachopoteza ni nafasi, Pirates ya Jumapili huwa imefurika hadi hujui boya la mtoto wako ni lipi. Marikiti nayo, soko la viungo, ni nzuri kwa pua lakini ndani ni finyu na sakafu huwa na maji. Mmoja wenu aingie anunue pilau masala na karafuu, wengine wangoje nje. Pembe za Ndovu, zile tao za barabarani, mtazipita Moi Avenue mkiwa garini. Ni za alumini, na dakika moja inazitosha.

Mchana wa Jumapili kaeni mahali penye feni, mle biriani taratibu hadi jua lipungue. Saa tisa nendeni Mama Ngina. Kwa mama mkwe hapa ndipo mahali penyewe: kuna benchi chini ya mibuyu, njia ni tambarare, na meli za kwenda Kilindini hupita karibu kiasi cha kusoma jina ubavuni. Baba na watoto wanaweza kutembea hadi kivukoni wakapanda feri ya Likoni, kwenda na kurudi. Kwa mtembea kwa miguu ni bure, na Jumapili alasiri haina msongamano wa siku za kazi. Mteremko wa kuingilia ni mkali na huteleza, simu iwe mfukoni, mtoto mkononi. Bibi asiende. Akae na madafu yake na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, awangoje.

Mambo mawili msiyaache hadi mfike. Nakuru haina malaria ya Pwani, kwa hiyo muoneni daktari wiki moja au mbili kabla juu ya dawa ya kinga, hasa kwa mtoto wa miaka 5 na kwa mama mkwe kama ana dawa nyingine anazotumia. Kila kitanda kiwe na chandarua, nacho kikaguliwe matundu mchana, si usiku. Na dawa zake za magoti na presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu begi kubwa kwenye treni huwekwa kwenye rafu ya juu ambayo hataifikia.

Jumatatu, kutoka Bamburi hadi Miritini mtapita Daraja la Nyali, Buxton, Makupa na Changamwe, na Changamwe ni njia ya malori ya bandari. Gari lipangwe Jumapili usiku, dereva awe mlangoni saa kumi na moja na robo alfajiri, muondoke saa kumi na moja na nusu. Mkifika, mwambieni mhudumu wa kwanza mlangoni kwamba mna mzee asiyepanda ngazi kabla hamjajiunga na foleni ya mizigo. Mkisubiri kuuliza hadi muwe ukumbi wa juu, mmeshachelewa.